Kesi Ngapi Zimeisha, na Zipi Bado Zinasubiri?

Hotuba kwa wakazi wa Kaunti ya Kilifi kuhusu upimaji wa utendakazi wa mahakama



Mwananchi wa Marafa mwenye kesi Malindi huamka alfajiri, hulipa nauli, huketi kwenye benchi la mahakama, kisha saa sita huambiwa kesi imeahirishwa. Akirudi nyumbani mara ya tano bila shahidi hata mmoja kusikizwa, huanza kuamini kwamba haki ni ya wenye pesa. Je, safari zake zinahesabiwa na nani?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni vivyo hivyo. Kandarasi za utendakazi zilianza nchini mwaka 2004 kwa mashirika 16 ya serikali. Idara ya Mahakama ilianza mpango wake mwaka 2015, Jaji Mkuu akiwa Willy Mutunga. Tangu hapo kila mahakama hujiwekea malengo ya mwaka, na kila siku hurekodi kesi zilizosikizwa, zilizokamilika na zilizoahirishwa, pamoja na sababu. Chini ya Sheria ya Huduma za Mahakama ya mwaka 2011, Jaji Mkuu hutoa ripoti kwa taifa kila mwaka.

Kipimo kinachotajwa sana ni kiwango cha ukamilishaji wa kesi. Hesabu yake ni rahisi: kesi zilizokamilika hugawanywa kwa kesi mpya zilizofunguliwa. Tuseme mahakama imepokea kesi 1,000 na kukamilisha 1,050. Kiwango ni asilimia 105, na mrundiko umepungua.

Lakini asilimia hiyo peke yake yaweza kudanganya. Kesi ya trafiki ambayo dereva amekiri kosa huisha siku hiyo hiyo. Kesi ya shamba yaweza kuhitaji mpima ardhi, hati za zamani na mashahidi wazee. Mahakama ikikimbilia zile nyepesi, hesabu itapendeza huku mama aliyefungua kesi ya ardhi miaka kumi iliyopita akiendelea kusubiri. Wengine hufariki, na kesi ikaachiwa watoto.

Ndiyo maana umri wa kesi lazima upimwe pia. Kesi iliyopita mwaka mmoja tangu kufunguliwa huhesabiwa kuwa ya mrundiko. Sheria nayo imeweka mipaka: katika kesi za madai, hukumu inatakiwa kusomwa ndani ya siku 60 baada ya kesi kusikizwa hadi mwisho. Mahakama ya Madai Madogo, inayoshughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni 1, hutakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe.

Hata hivyo, kasi peke yake si haki. Ibara ya 50 ya Katiba inataka kesi ya jinai isicheleweshwe bila sababu, na ibara hiyo hiyo inampa mshtakiwa muda wa kutosha kujitetea. Lengo zuri hutimiza yote mawili.

Hapa Kilifi jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya ardhi. Migogoro ya maskwota na hati miliki imerithiwa na vizazi, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi huketi hapo Malindi. Kwa hivyo, mkazi anaposikia asilimia, na aulize mambo matatu: kesi za ardhi zilizokamilika ni ngapi? Iliyo kongwe zaidi ina miaka mingapi? Zilizoahirishwa zilikwamishwa na nini?

Swali hilo la tatu linaigusa pia serikali ya kaunti. Mahakama ni huru, na kaunti haina mamlaka ya kumwagiza hakimu. Lakini ucheleweshaji mwingi huzaliwa nje ya mahakama: faili ya polisi haikuletwa, au shahidi hakuarifiwa. Katika kesi za unajisi na kujeruhi, daktari aliyejaza fomu ya P3 huhitajika kutoa ushahidi, na madaktari wa hospitali za umma za Kilifi na Malindi ni waajiriwa wa kaunti. Daktari asipofika, mtoto aliyedhulumiwa hurudi nyumbani akiwa bado na mzigo wake. Kifungu cha 47 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinaitaka kaunti kupima utendakazi wa watumishi wake. Kufika mahakamani unapoitwa ni lengo linaloweza kuhesabiwa.

Mahali pa kuyasema haya ni Kamati ya Watumiaji wa Mahakama, ambamo mahakama, polisi, waendesha mashtaka, magereza, mawakili na mashirika ya kijamii hukutana. Wakazi wapeleke malalamiko yao huko, yakiwa na nambari ya kesi na tarehe ilizoahirishwa. Na aliyeitwa kuwa shahidi afike, kwa maana naye yumo katika hesabu.

Mkazi wa Marafa haombi asilimia. Anaomba siku ya hukumu ijulikane, na ikifika, hukumu isomwe.