Sheria Ipo, Mstari Haupo: Maegesho ya Watu Wenye Ulemavu



Dereva atokaye Morogoro kwenda Iringa hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa umbali wa kilometa zipatazo 50. Njiani hukutana na matuta, na hukutana pia na mabango yanayotaja faini ya mnyama atakayegongwa: twiga ana kiasi chake, nyati kiasi chake, na swala kadhalika. Faini hizo zimetajwa kwa dola za Marekani, na hata dereva wa lori ambaye hajapata kuishika dola mkononi huelewa mara moja kwamba twiga mmoja aweza kummalizia mapato ya mwaka. Basi hupunguza mwendo. Hakuna aliyemhubiria huruma kwa wanyama. Amesoma kosa, amesoma malipo yake, na anajua kwamba askari wa hifadhi hayuko mbali.

Dereva huyohuyo akifika mji mdogo wa Mikumi, au akishika njia ya Ulaya kwenda Kilosa (Ulaya hii ni ya wilayani Kilosa, si ile ya ng'ambo), aweza kusimamisha gari mbele ya mlango wa zahanati, juu ya kijia pekee ambacho mtu mwenye baiskeli ya magurudumu matatu angepitia, na asisome chochote. Asipowekewa mstari wala bango, na asipotajiwa kiasi cha faini, atafunga mlango wa gari na kwenda zake bila kujua kwamba amemfungia mtu mwingine njia.

Je, ni kwa sababu nchi haina sheria? La hasha. Mwaka 1982, mwaka mmoja baada ya Umoja wa Mataifa kuadhimisha Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu, Bunge lilipitisha sheria mbili, moja juu ya ajira ya walemavu na nyingine juu ya matunzo yao. Mwaka 2004 ikatoka Sera ya Taifa. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao katika kifungu cha 9 unazitaka nchi ziondoe vizuizi katika majengo, barabara na usafiri. Hatimaye ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, iliyochukua nafasi ya zile za 1982. Sheria hiyo inatamka haki ya kuyafikia majengo na huduma za umma, na inaweka adhabu kwa anayeivunja. Kwa upande wa magari, Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na kila dereva aijua ile faini ya papo hapo iliyozoeleka.

Lakini haki iliyotamkwa kwa ujumla haimtoshi askari aliyesimama juani. Yeye hawezi kuandika kosa kwa sababu ya haki za binadamu. Huandika kosa kwa sababu gari limevuka mstari fulani, chini ya bango fulani. Bango la Mikumi linafanya kazi kwa kuwa limeshuka kutoka kwenye kitabu cha sheria hadi kando ya barabara. Sheria ya 2010, kwa habari ya maegesho, sehemu nyingi bado imo kitabuni.

Uingereza walilifikia jambo hili zamani kidogo. Sheria yao ya mwaka 1970 ilizaa beji ya kubandikwa kwenye gari, iliyoanza kutolewa mwaka 1971, rangi yake ikiwa ya machungwa hadi ilipobadilishwa kuwa ya buluu mwaka 2000. Anayeitumia beji hiyo isivyo halali aweza kutozwa hadi pauni 1,000, na wanaotoa beji na kuchora mistari ni mamlaka za mitaa. Marekani, ambako sheria yao kuu ilipitishwa mwaka 1990, vipimo vimeandikwa wazi: nafasi ya gari iwe na upana wa mita zipatazo 2.4, na kando yake iachwe mita 1.5 tupu. Hiyo mita moja na nusu ndiyo kiini cha mambo. Mtu hawezi kushuka kwenye gari na kukaa katika kiti cha magurudumu ikiwa gari la jirani limebanana na mlango wake. Nafasi hiyo haitolewi kama heshima kwa mtu. Hutolewa kwa sababu kiti kina upana.

Husemwa mara kwa mara kwamba mambo haya ni ya Dar es Salaam, kwani Kilosa ni wangapi wenye ulemavu wanaomiliki gari? Hoja hiyo haina nguvu. Chombo cha mlemavu wa Kilosa ni baiskeli inayozungushwa kwa mikono, au bajaji ya kukodi, nacho kinahitaji mahali pa kusimama karibu na mlango, pasipo mtaro wala ngazi. Tangu mwaka 2024 treni za reli ya kisasa zinasimama Kilosa. Abiria aliyeshuka salama stesheni anaweza kukwama mita kumi kutoka dirisha la ofisi aliyoiendea.

Uwezo wa kurekebisha haya haupo mbali. Sheria ya Serikali za Mitaa, Namba 7 ya mwaka 1982, inaipa halmashauri ya wilaya mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Na sheria ndogo ndiyo iwezayo kutaja nafasi ipi, bango gani, faini kiasi gani na nani ataitoza. Sheria ya 2010 nayo inaagiza kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa, ambazo zingefaa kuulizwa kwanza nafasi hizo zichorwe wapi. Wala isisemwe kwamba kusimamia maegesho ni kazi isiyowezekana. Katika miji ambako ada ya maegesho hutozwa, gari halikai muda mrefu kabla halijaandikiwa deni. Penye fedha, macho yapo.

Kuna jambo moja gumu zaidi, nalo lawahusu wasomaji wa ukurasa huu. Mbele ya ofisi za umma, gari linaloegeshwa karibu kabisa na mlango mara nyingi ni la mkubwa wa ofisi. Askari wa cheo cha chini atamwandikiaje? Mwalimu mkuu aweza kuchora mstari wa chokaa kwenye uwanja wa shule yake leo hii, bila kungoja waraka wa wizara, na mkuu wa idara vilevile mlangoni pake. Lakini mstari utaheshimiwa tu iwapo dereva wa ofisi ataagizwa kuegesha kule chini ya mwarobaini. Na siku faini ya kwanza itakapoandikwa kwa gari lenye namba ya STK au SM, habari itakuwa imefika Kidodi kabla ya jua kuchwa.