Kadi ya ndugu yetu na mabati ya nyumba yetu
Maneno tuliyosema mbele ya wanachama kwenye mkutano mkuu, Baraka



Komite ilituomba tuseme juu ya nyumba. Tutasema juu ya nyumba, lakini tutaanzia mbali kidogo, kwenye simu moja.

Baba mmoja, mwana wa hapa, ambaye wengi wetu tuliishi naye Nyarugusu kabla hajapata ndege ya Marekani, alitupigia simu toka Kentucky. Anafanya kazi ya usiku kwenye ghala. Miaka saba analipa nyumba ya kupanga bila kuruka mwezi. Aliona nyumba ya kununua, akaenda kuomba mkopo wa nyumba. Wakamkatalia. Hawakusema mshahara wake ni mdogo. Walisema kadi zake mbili zimejaa, na mara mbili alichelewa kulipa.

Akatuuliza: “Bandugu, munajua ile kadi ilijaa juu ya nini?”

Tulinyamaza, kwa sababu tulijua. Ni mabati ya nyumba ya mama yake. Ni masomo ya wapwa zake wawili. Ni kilio cha mwaka jana. Sisi wenyewe tulipiga picha ya mabati yale, tukaitia ndani ya ripoti, tukaandika kwamba familia imejenga kwa nguvu zake. Hatukuuliza feza ilitoka wapi. Kosa hilo ni letu, na ndiyo sababu tumesimama hapa.

Tuanze na kadi yenyewe. Ndugu zetu kule wana kadi za namna mbili. Moja inatoa feza ambayo mtu ameshaweka benki, ikiisha, imeisha. Nyingine ni kadi ya kukopa. Ile haina feza ya mwenyewe ndani yake hata dola moja. Kila ukiitumia, umekamata deni. Mwisho wa mwezi kampuni inaleta karatasi: unadaiwa kiasi hiki, na kiasi cha chini cha kulipa ni hiki. Anayelipa deni lote kabla ya tarehe, kwa vitu alivyonunua, halipi riba. Anayelipa kile kiasi cha chini tu anabeba deni miezi na miaka. Tupige hesabu: deni la dola 1,000 kwa riba ya 24% kwa mwaka linazaa karibu dola 20 kila mwezi. Akilipa dola 25, deni limepungua dola 5 tu.

Kutuma feza kwa kadi hiyo ni kubaya zaidi. Kampuni nyingi zinahesabu kutuma feza sawa na kutoa feza mkononi: kuna malipo ya papo hapo, na riba inaanza siku ile ile, bila kungoja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo zile dola 200 tulizoshangilia hapa, yeye kule hakutoa 200.

Sasa, kadi hii inahusiana namna gani na nyumba? Kule kuna kampuni tatu kubwa zinazoandika historia ya madeni ya kila mtu: Equifax, Experian na TransUnion. Toka historia ile mtu anapewa alama. Alama inayotumika sana inaitwa FICO, inaanza 300 mpaka 850. Inahesabiwa hivi: 35% ni kama unalipa kwa wakati; 30% ni deni ulilo nalo ukilinganisha na kiasi ulichoruhusiwa; 15% ni umri wa historia yako; 10% ni madeni mapya; 10% ni aina za madeni uliyo nayo.

Angalieni vizuri. Vitu viwili vya kwanza peke yake ni 65%. Ndivyo vilivyomwangusha ndugu yetu. Na kodi yake ya miaka saba? Wenye nyumba wengi hawaipeleki kwa kampuni zile, kwa hiyo mara nyingi haihesabiki. Lakini deni la tiketi ya ndege ambalo wakimbizi wengi wanaanza nalo, lile lisilo na riba, linaandikwa. Mwenye kulilipa vizuri ameanza historia nzuri. Mwenye kuliacha ameanza vibaya, hata kama hakujua.

Alama ni feza. Kuna mpango wa serikali ya Marekani unaoitwa FHA, unaodhamini mikopo ya nyumba. Mwenye alama 580 au zaidi anaweza kuanza na 3.5% ya bei. Mwenye 500 mpaka 579 anaombwa 10%. Na benki inaweza kuomba zaidi ya hapo. Kwa nyumba ya dola 200,000, mmoja anatoa 7,000 mkononi, mwingine 20,000. Tena kuna riba. Tuchukue mkopo wa dola 180,000 wa miaka 30. Kwa riba ya 6% mtu analipa kama dola 1,079 kila mwezi, kwa 7.5% analipa kama 1,259. Ni dola 180 kila mwezi, miaka 30, juu ya nyumba ile ile na mlango ule ule. Zile dola 180 ndizo angeweza kututumia bila kadi.

Kwa hiyo mwenye kutaka kuomba mkopo wa nyumba anajitayarisha mapema, mwaka mzima ikiwezekana. Tuliyomwambia yule baba, tunawaambia na ninyi muwapelekee wengine.

Kwanza, aombe ripoti yake toka kampuni zote tatu. Ni bure. Asome jina, tarehe ya kuzaliwa na kila deni. Majina yetu yanaandikwa vibaya mara nyingi, na mtu anaweza kubebeshwa deni la mwenzake. Kosa likionekana, aandike kuomba lisahihishwe.

Pili, asichelewe tena hata mara moja. Malipo yaliyochelewa siku 30 au zaidi yanaweza kukaa kwenye ripoti miaka saba. Hata kama hawezi kulipa yote, kile kiasi cha chini kiende kabla ya tarehe.

Tatu, ashushe deni la kadi. Mashauri yanayotolewa sana ni kukaa chini ya 30% ya kiasi ulichoruhusiwa: kwa kadi ya dola 1,000, deni lisipite 300. Chini zaidi ni vizuri zaidi.

Nne, asifungue kadi mpya wala kukopa gari katika miezi ile. Na kadi ya zamani iliyolipwa asiifunge kwa haraka, kwa sababu kuifunga kunapunguza kiasi alichoruhusiwa, na deni la kadi nyingine litaonekana kubwa.

Hayo ni ya kule. Sasa ya kwetu.

Tunapendekeza jambo moja kwa mkutano huu. Mwanachama ambaye ndugu yake ametangaza kwamba anajitayarisha kununua nyumba, ampumzishe miezi 12. Asimwombe feza ya mabati, ya simenti, ya parseli, wala ya pikipiki.

Tunajua maneno yatakayofuata, kwa sababu tuliyasikia jana jioni kwa mama mmoja wa kikundi cha soko: “Munataka kutukata na batoto betu?” Hapana, mama. Ugonjwa na kilio havingoji miezi 12. Lakini kwa ugonjwa na kilio tuna sanduku jekundu la MUSO, na tulichangia kwa ajili hiyo. Tuanzie pale kwanza, kabla ya kupiga simu usiku. Ndugu yetu akiongeza, aongeze toka feza aliyo nayo, si toka kadi ya kukopa. Tumuulize: “Hii feza ni yako ao ni ya kadi?” Kuuliza hivyo si aibu. Ni kumlinda.

Kwa kujenga tuna sanduku la kijani, la kuweka na kukopa. Linakwenda polepole, ni kweli. Lakini karne yako ya kijani ndiyo FICO yako hapa. Anayekopa kidogo na kurudisha siku ile ile iliyoandikwa, kikundi kinamwamini kwa kiasi kikubwa zaidi. Na coopec ikitaka kutia feza ndani ya sanduku la bluu, inaangalia kwanza vitabu vya kijani. Mwenye kukopa kwa vikundi vitatu kwa siri, akitoa huku kulipa kule, hana tofauti na kadi iliyojaa. Siku moja vitabu vitakutana.

Kwa upande wetu, hatutaandika tena ndani ya ripoti kwamba familia imejenga kwa nguvu zake mpaka tuwe tumeuliza. Na kuanzia mwezi ujao tutakaa na sekretere wa kila kikundi kusoma karne moja moja, ili tarehe za kurudisha ziandikwe vizuri.

Na ninyi wafadhili: wengine wenu ni watoto wa hapa hapa, mlipanda ndege toka kambi. Tunawaomba mchango wenu usitoke kwenye kadi ya kukopa. Dola 20 za mshahara zinatusaidia kuliko 100 za deni. Mkipata nyumba kule, mtatusaidia miaka mingi. Mkianguka, tutaanguka pamoja.

Yule baba hajakata tamaa. Kadi moja ameshaimaliza. Ya pili amebakisha kidogo. Mama yake, akiwa chini ya mabati yale, ametuomba tumpelekee salama: asitume kitu mpaka apate ufunguo wa nyumba yake.

Sasa komite iwaulize mkubali ao mkatae.