Wanaolishwa Kwanza Tumboni mwa Kondoo

Kiangazi kinapokolea katika nyanda kame za Afrika Mashariki, kukonda kwa kondoo huhesabiwa kuwa ni matokeo ya uhaba wa majani, ilhali mara nyingi zizini mna mabua ya mahindi na nyasi kavu za kutosha, na kinachokosekana hasa ni chakula cha vijidudu wanaoishi tumboni mwa mnyama huyo. Kondoo, kama wanyama wengine wanaocheua, hana kimeng'enya chake mwenyewe cha kuvunja selulosi, yaani utembo mgumu unaojenga kuta za seli za mimea. Kazi hiyo hufanywa na bakteria, protozoa na kuvu waliomo katika rumeni, chumba cha kwanza na kikubwa kuliko vyote vinne vya tumbo lake, ambamo joto hukaa karibu na nyuzi 39 na oksijeni ni haba mno. Bakteria peke yao hufikia bilioni 10 au zaidi katika mililita moja ya maji ya rumeni.

Vijidudu hao huchachusha majani na kutoa asidi nyepesi za mafuta, hasa asetiki, propioniki na butiriki, ambazo hupenya kuta za rumeni na kuingia katika damu, zikimpatia kondoo takriban asilimia 70 ya nishati yake. Kisha wao wenyewe husukumwa hadi chumba cha nne, ambako humeng'enywa na kuwa sehemu kubwa ya protini inayojenga misuli, kwa hiyo mnyama anayedhaniwa kuishi kwa majani huishi, kwa hakika, kwa mabaki na miili ya wapangaji wake.

Nyasi zikikauka hadi protini ikashuka chini ya asilimia 7 hivi, bakteria hukosa naitrojeni ya kuzaliana, utembo huvunjwa polepole, rumeni hubaki imejaa, na kondoo huacha kula ingawa malisho yapo mbele yake, tumbo likiwa limetuna na uti wa mgongo umechomoza. Kumrundikia mabua zaidi hakumfai kitu. Kumpa mahindi mengi kwa ghafla ni hatari zaidi, kwa kuwa wanga huchachuka upesi, asidi laktiki hujaa, bakteria wa utembo hufa, na kondoo mwenyewe huweza kuwafuata. Kinachofaa, na wafugaji wengi hawakuelezwa mapema inavyostahili, ni kiasi kidogo cha mashudu ya alizeti au ya pamba, au majani ya mikunde, kikiandamana na mabua yaleyale.

Miongoni mwa mikunde hiyo ni lusina, mti wa malisho unaojulikana sana Kenya na Tanzania, ambao majani yake huweza kuwa na protini inayozidi asilimia 20, lakini yana pia mimosini, sumu inayonyonyoa manyoya ya kondoo na ambayo, ikishageuzwa na bakteria wa rumeni kuwa kemikali iitwayo DHP, huvuruga tezi ya shingo na kuondoa hamu ya kula. Mtafiti Raymond Jones wa Australia alibaini kuwa mbuzi wa Hawaii waliula mti huo bila kudhurika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijidudu vya rumeni za mbuzi hao vilihamishiwa kwa mifugo ya Australia, nayo ikaanza kuustahimili. Bakteria aliyehusika alipewa rasmi jina la Synergistes jonesii mwaka 1992, kwa heshima ya mtafiti huyo, na imeonekana kuwa huweza kuenea kutoka mnyama hadi mnyama katika kundi linalochunga pamoja.

Mfugaji asiyejua kama kundi lake linaye bakteria huyo hana budi kuanza na konzi chache za majani ya lusina, kuziongeza kidogo kidogo bila kuvuka theluthi moja ya mlo, na kukagua manyoya mara kwa mara, kwani yakianza kung'oka kwa kuvutwa na vidole, lusina hupaswa kuondolewa mara moja na mashudu yakashika nafasi yake.