Daftari la Mwaka wa Shule

Hotuba ya mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi wilayani Newala, iliyosomwa jioni ya maadhimisho ya hekalu



  Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie elimu. Neno hilo ni pana kuliko uwanda wa Makonde, na mwalimu akiachiwa neno pana husema mpaka chakula kikapoa. Kwa hiyo nitasema juu ya shule moja tu, ile ninayoiongoza huko Newala, na juu ya mambo machache tuliyokubaliana kuyatanguliza katika mwaka.

Ninyi mna desturi ninayoiheshimu sana. Wakati wa Diwali wafanyabiashara wenu hufunga hesabu za mwaka uliopita, hufungua daftari jipya na kuliombea baraka kabla ya kuandika tarakimu ya kwanza. Nilipokuwa kijana niliiona desturi hiyo katika duka moja la Masasi, nikadhani ni sherehe ya fedha. Mzee mwenye duka alinieleza kuwa daftari la zamani halitupwi, huwekwa karibu na mkono, kwani anayefungua jipya bila kulisoma la zamani atayabeba madeni yale yale bila kuyajua.

Shule nayo ina daftari lake, nalo huitwa Mpango wa Maendeleo ya Shule. Kila mwaka Kamati ya Shule, ambayo ndani yake wamo walimu na wazazi waliochaguliwa na wazazi wenzao, hukaa na kuandika vipaumbele. Katika mwaka wangu wa kwanza tuliandika vipaumbele kumi na viwili, kwa rangi ya bluu, juu ya ukuta wa ofisi: uzio, madawati, bustani ya maua, ushindi katika michezo, kupanda ufaulu, choo cha walimu, na mengine yaliyopendeza kuyasoma. Mwezi Desemba nilisimama mbele ya ukuta ule na kuhesabu. Lililokuwa limetimia ni moja: mlingoti wa bendera ulikuwa umepakwa rangi. Ilikuwa ni rangi iliyobaki katika kopo lile lile tuliloandikia vipaumbele.

Tulicheka, kisha tukaona aibu. Jambo la kumi na mbili haliwezi kuitwa kipaumbele. Kutangulia ni kwa mmoja, au kwa wawili wakibanana mlangoni.

Kilichotufundisha cha kutanguliza ni daftari la mtoto wa darasa la nne. Binti yule alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wa walimu wengi, na uwe na hakika kwamba nimejihesabu humo. Daftari lake la Kiswahili lilikuwa limejaa, safi, limefunikwa kwa gazeti, na kila ukurasa ulikuwa na alama ya vema. Baadhi ya alama hizo zilikuwa zangu. Siku moja nilipita darasani nikamwomba anisomee aya aliyoiandika asubuhi ile. Alinyamaza. Nikamwonyesha neno la kwanza. Akalitazama kwa adabu, kama mtu anavyoitazama sura ya mgeni asiyemfahamu. Kwa miaka minne alikuwa amenakili ubaoni umbo la kila herufi, nasi tulikuwa tumesahihisha umbo. Hakuna aliyekuwa amemsikiliza.

Tulipowaita wengine mmoja mmoja tukakuta hakuwa peke yake. Sitawatajia idadi; ilitosha kutufanya tufute ukuta.

Nieleze kidogo hali ya mtoto huyo, msije mkamlaumu. Wengi wa watoto wetu huingia darasa la kwanza wakisema Kimakonde, wengine Kimakua au Kiyao, na Kiswahili wamekisikia redioni na gulioni. Tangu ada na michango ilipoondolewa katika shule za umma, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, walikuja kwa wingi uliotufurahisha na kutulemea. Mwalimu aliyesimama mbele ya darasa lililojaa hadi mlangoni hana budi kuandika ubaoni na kusema, nakilini. Utulivu hupatikana, madaftari hujaa, na kila mmoja, mkaguzi akiwamo, hudhani kazi imefanyika.

Basi mwaka uliofuata tuliandika mambo matatu tu. La kwanza lilikuwa dakika ishirini za kusoma kila siku, mara tu baada ya mstari wa asubuhi, shule nzima, kuanzia darasa la awali mpaka mwalimu mkuu. Watoto hukaa wawili wawili. Mmoja husoma kwa sauti ya chini, mwenzake hufuata kwa kidole, kisha hubadilishana. Kila mwalimu husikiliza watoto watano kwa siku na kuweka alama mbele ya majina yao, ili mwisho wa mwezi asiwepo mtoto ambaye hakusikilizwa.

Ni jambo dogo, na ndiyo maana lilikuwa gumu. Uzio ukijengwa umejengwa. Dakika ishirini hujengwa upya kila asubuhi. Kufikia juma la tatu walimu walikuwa wameanza kuzitumia kusahihisha kazi. Nami nilikuwa wa kwanza kuvunja agizo langu: mgeni alifika ofisini, nikabaki naye. Nilipotoka, mtoto wa darasa la pili aliniambia, “Shikamoo mwalimu. Leo hukusoma.” Nilimwitikia marahaba na sikuwa na neno jingine. Tangu siku ile wageni wangu hupewa gazeti na kusoma nasi.

Wazee wa uwanda wetu hawakuhitaji kuelezwa sana. Katika unyago mwali hafundishwi wimbo mara moja na kuachwa. Kungwi huurudia, mwali huurudia, mpaka uingie mwilini. Bibi mmoja katika Kamati yetu aliuliza kwa nini shule ilidhani kusoma kungekuwa kitu tofauti. Swali hilo limebaki katika kumbukumbu za mkutano, nami nalisoma kila Januari.

Vitabu havikutosha. Tuliwaomba wanafunzi wa darasa la sita na la saba waandike hadithi walizosimuliwa na bibi na babu zao, kwa maneno mepesi na herufi kubwa, tukazishona kwa uzi. Hivyo ndivyo vitabu vinavyochakaa haraka kuliko vyote shuleni, na sijui sifa iliyo kubwa zaidi kwa kitabu. Humo humo mazoea mengine yakazaliwa bila kuandikwa ukutani. Mtoto akikosea hafuti tena kosa lake. Hulikata kwa mstari mmoja na kuandika jibu sahihi pembeni, ili alione. Na jioni humwambia mtu wa nyumbani jambo moja alilojifunza, hata kama msikilizaji ni mdogo wake anayenyonya.

Jambo la pili lilikuwa mahudhurio ya miezi ya korosho, na hapa ndipo ninapowahitaji ninyi.

Mnaijua korosho. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya korosho ghafi ya kusini ilivuka bahari kwenda India kubanguliwa, na bila shaka wapo humu ambao wazee wao waliipima, kuifunga na kuisafirisha. Lakini huenda hamjui inavyotoka chini ya mti. Bibo likiiva huanguka lenyewe, usiku na mchana. Asubuhi lazima korosho iokotwe, kwa kuwa ikichelewa jirani asiye mwaminifu ataiokota, au mvua ya Novemba itailowesha na kuishusha daraja. Kazi hiyo hutaka migongo mingi inayoinama kwa urahisi, na migongo ya namna hiyo ni ya watoto. Msimu wenyewe ni Oktoba hadi Desemba. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, kabla ya msimu, na nguvu zote za shule huelekezwa huko. Upimaji wa darasa la nne huja mwishoni mwa Oktoba, mabibo yakiwa yametapakaa chini.

Piga nami hesabu, ninyi mliozaliwa katika hesabu. Mtoto akikosa siku mbili tu kwa juma, kwa majuma manane ya Oktoba na Novemba, amepoteza siku 16. Kwa miaka sita ni siku 96. Mwaka wa masomo una siku 194. Amepoteza karibu nusu mwaka, na hakuugua hata siku moja. Zamani tulijifariji kwamba darasa la saba litafidia. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi ni miaka sita: walioanza nao darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza mwaka 2027, pamoja na kundi la mwisho la darasa la saba. Mwaka wa kufidia hautakuwapo tena.

Tuliitisha mkutano wa wazazi. Mzazi mmoja alisimama akasema, “Mwalimu, korosho hiyo unayoilaumu ndiyo inayomnunulia sare.” Alisema kweli. Tulibishana mpaka saa nane mchana. Mwisho wenye mashamba yanayopakana walikubaliana kuokota kwa zamu, watu wazima asubuhi, na watoto waje baada ya masomo. Nasi tukakubali kutompa mtoto kazi za usafi za jioni katika miezi hiyo. Wazee hao hao walikwisha kukubali, miaka ya nyuma, kuiweka jando katika likizo, kwa hiyo kuipanga kalenda kwa ajili ya mtoto halikuwa jambo geni kwao.

Si wote waliofuata. Yupo mama mjane mwenye shamba la peke yake kando ya bonde, hana jirani wa kupokezana naye zamu. Sikuwa na la kumwambia. Mwalimu wa darasa humpelekea mwanawe kazi Ijumaa na kuichukua Jumatatu. Ni kiraka, nakiri.

Jambo la tatu ni maji. Juu ya uwanda wetu hakuna mto. Mchanga huimeza mvua, na chemchemi ziko chini mabondeni. Mradi wa maji wa Makonde umekuwa ukisukuma maji kuyapandisha juu tangu miaka ya 1950, lakini bomba linaponyamaza mtoto hushuka na ndoo kabla ya jua kuchomoza. Kwa miaka mingi niliwaadhibu wachelewaji langoni bila kuuliza. Siku moja nilimfyekesha nyasi kijana ambaye, kama nilivyosikia baadaye kwa mlinzi, alikuwa amepanda mlima mara mbili na ndoo kichwani kwa ajili ya bibi yake mgonjwa. Sasa tunakinga maji ya mvua kutoka paa la madarasa mawili, na mchelewaji huulizwa kwanza. Aliyekosa dakika za asubuhi husomewa saa nne.

Ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na sehemu iliyokuwa ikiletwa shuleni moja kwa moja ilikuwa shilingi 6,000. Igawanyeni kwa siku 194: haifiki shilingi 31 kwa siku. Nimeitaja msije mkadhani nimekuja bila haja.

Wazee walio hapa wanakumbuka kwamba kabla ya mwaka 1962 shule za nchi hii zilitenganishwa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila moja na fungu lake. Tangu hapo daftari ni moja. Ndiyo maana nazungumza nanyi kama wazazi wa shule ile.

Mwenyekiti aliniuliza jana tunahitaji nini, akataja darasa lenye kibao cha kumbukumbu. Namshukuru kwa dhati. Hata hivyo, kama mtaniruhusu, ningeomba vitabu vya hadithi vya Kiswahili, vyenye herufi kubwa na kurasa chache, nakala nyingi za vitabu vichache. Tunayo masanduku ya vitabu vinene vya Kiingereza vya ng’ambo kuhusu theluji na treni za chini ya ardhi. Mchwa wamevisoma.

Na ombi la pili halina gharama ila hasara ndogo. Sheria inataka korosho iuzwe kupitia vyama vya msingi na stakabadhi ghalani. Bado upo ununuzi wa mlango wa nyuma, kangomba, kwa kipimo cha bakuli, na mara nyingi anayeleta bakuli ni mtoto. Mwenye duka humjua mwanafunzi kwa sare yake. Akija saa nne asubuhi na mfuko wa korosho, asipimiwe. Aulizwe darasa lake, arudishwe. Waambieni hivyo wenye maduka mnaofahamiana nao, Newala, Masasi na Tandahimba. Watano wakikataa, wa sita atashindwa kusema hakujua.

Binti wa lile daftari yuko darasa la sita sasa. Husoma polepole, na mwandiko wake umeharibika kidogo kwa sababu anaandika ya kwake. Hadithi yake ya sungura na kisima imeshonwa kwa uzi mwekundu, nami nimeileta. Itakuwa mezani pale karibu na mlango, kwa atakayependa kuitazama akitoka.