UKAGUZI WA HESABU SI KUJUMLISHA TU
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Nakuru)



Mwenzetu mmoja ataka kuuza ng'ombe wake ili binti yake akasomee ukaguzi wa hesabu chuo kikuu. Katika mkutano uliopita aliulizwa: miaka minne ya nini? Kujumlisha na kutoa si tulijifunza sote katika shule ya misheni? Tulipewa kazi ya kuuliza wanaojua, na haya ndiyo tuliyopata.

Kwanza tukumbuke msiba wetu. Wengi wetu tulikuwa katika chama kimoja cha kuzikana. Kitabu chake kilikuwa safi, kila ukurasa umejumlishwa sawasawa. Tulipofiwa tukaenda benki, hatukukuta kitu. Jumla zilikuwa sahihi. Fedha ndizo hazikuwapo. Aliyeandika kitabu ndiye aliyekikagua. Tukachanga upya, maiti ikingoja.

Elimu hii inaanzia hapo. Gurudumu lililopakwa rangi laweza kuwa na ufa, ndiyo maana tuligonga kwa nyundo tusikie sauti yake. Mkaguzi naye haridhiki na karatasi aliyopewa na mweka hazina. Huiandikia benki mwenyewe, na jibu humrudia yeye moja kwa moja. Hakagui kazi ya mkono wake, wala ya jamaa yake. Kwa kuwa hawezi kutazama kila risiti, hufundishwa kuchagua: palipo na hatari zaidi, hapo hutazama zaidi. Mwishoni hutoa maoni yake, kama hesabu zaonyesha hali ya kweli au hapana. Haapi kwamba hakuna mwizi. Hutoa uthibitisho wa kutosha, na kujua kiasi gani kinatosha ndiyo kazi ngumu ya miaka hiyo.

Shule yenyewe haiko mbali. Egerton, pale Njoro, ilianza mwaka 1939 kuwafundisha vijana wa masetla ukulima. Mwaka 1987 ikawa chuo kikuu, na sasa watoto wetu husoma biashara na uhasibu huko. Lakini mzazi ajue mapema: shahada peke yake haimpi mtu ruhusa ya kutia sahihi kama mkaguzi. Ni lazima afaulu pia mitihani ya uhasibu ya KASNEB, iliyoanzishwa mwaka 1969, kisha aandikishwe na chama cha wahasibu, ICPAK, na kupata leseni. Basi fedha za ng'ombe zisiishie kwenye karo ya chuo.

Nasi tusikae kumngoja binti ahitimu. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yataka hesabu za chama cha wafanya kazi zikaguliwe, tena yamruhusu mwanachama kutazama vitabu. Ni wangapi wetu tumewahi kuviomba?

Twaleta shauri moja. Kila mkutano, karatasi ya benki isomwe kwa sauti pamoja na kitabu, na msomaji asiwe mweka hazina. Hatumshuku mtu. Mweka hazina mwaminifu ndiye wa kwanza kufaidika, maana siku ya maneno mengi atakuwa na mashahidi ukumbi mzima.