Kulowea Mirihi: Makazi ya Sayari Nyingine katika Bunilizi na katika Uhalisi



Huenda baadhi yenu mlipoupata mwaliko mlijiuliza mwalimu wa Kiswahili ana la kusema gani kuhusu Mirihi. Nililo nalo limeanzia katika tatizo dogo la tafsiri. Kila inapotangazwa kwamba serikali au kampuni fulani inakusudia kupeleka watu wakaishi katika sayari ile, mtafsiri hulazimika kuchagua kitenzi. Je, aseme watu hao watakwenda kuitawala Mirihi, kuihamia, kuifanya koloni, au kulowea huko? Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa ukungu unaoota ukutani, kwa ndege wanaohamia kisiwa kipya na kwa Lugard nchini Uganda. Kiswahili hakituruhusu uvivu huo.

Kulowea ni hali ya mgeni aliyekaa mahali hata akapazoea, asiwe tena na fikra ya kurudi alikotoka. Kitenzi chenyewe hakina ubaya. Historia ya nyanda za juu za Kenya ndiyo iliyoitia nomino yake, mlowezi, doa la ardhi iliyoporwa. Lakini hata tukiliondoa doa hilo kwa hoja kwamba Mirihi haina mwenyeji wa kuporwa, kitenzi kinabakiza sharti moja: mahali panapolowewa sharti paweze kumpokea mgeni.

Mirihi haimpokei mtu. Mgandamizo wa hewa yake haufikii asilimia moja ya ule tuliouzoea usawa wa bahari, na asilimia 95 ya hewa hiyo ni kaboni dioksaidi. Wastani wa baridi ni kiasi cha nyuzi 60 za Selsiasi chini ya sifuri. Mwaka 2008 chombo Phoenix kiligundua katika udongo wake chumvi za perkloreti, ambazo ni sumu kwa mwanadamu, kwa hiyo mkulima wa huko hana budi kuusafisha udongo kabla ya kupanda. Nafasi nzuri ya kusafiri kutoka duniani hupatikana mara moja katika kila miezi 26 hivi. Sayari hizi mbili zinapokuwa mbali kabisa, mtu anayeomba msaada atasubiri jibu kwa zaidi ya dakika 40, hata kama aliyeulizwa amejibu papo hapo.

Kuhusu hewa ya kuvuta, jaribio kubwa lililokwisha kufanyika huko ni la mtambo MOXIE, uliobebwa na chombo Perseverance kilichotua mwaka 2021. Hadi ulipomaliza kazi mwaka 2023 ulikuwa umezalisha gramu 122 za oksijeni kutokana na hewa ya Mirihi. Ni ushindi wa kihandisi usiobishaniwa. Hata hivyo, mtu mzima huhitaji zaidi ya gramu 800 kwa siku, na kwa hesabu hiyo mavuno yote ya miaka miwili yasingemfikisha kutoka asubuhi hadi adhuhuri.

Jaribio linalotufundisha zaidi lilifanyika papa hapa duniani, katika jimbo la Arizona nchini Marekani. Mwezi Septemba 1991 watu wanane, wanaume wanne na wanawake wanne, walifungiwa ndani ya jengo la vioo lililoitwa Biosphere 2, lenye msitu, shamba na bahari ndogo, wakae humo miaka miwili wakijitegemea kwa chakula, maji na hewa. Baada ya miezi michache oksijeni ilianza kupungua. Ilishuka kutoka asilimia 21 hadi chini ya 15, kiwango cha mtu aliye juu ya mlima mrefu, na wakazi wakawa wanachoka kwa kazi ndogo tu. Chanzo kilipotafutwa kilionekana kuwa udongo wenyewe. Ulikuwa umerutubishwa mno, na vijidudu vyake vilitumia oksijeni kwa wingi na kutoa kaboni dioksaidi. Sehemu ya gesi hiyo ikafyonzwa na saruji ya kuta. Mwanzoni mwa mwaka 1993 ilibidi oksijeni iingizwe kutoka nje. Wadudu wengi wanaochavusha maua walikufa; mende na sisimizi walistawi. Wakazi nao waligawanyika makambi mawili, wanne kwa wanne, na mgawanyiko huo uliendelea hadi walipotoka.

Nimelikalia jaribio hilo kwa sababu linatuonyesha swali ambalo bunilizi ya kisayansi ya Magharibi imelikaribia mara nyingi bila kulikamata. H. G. Wells, katika riwaya ya mwaka 1898, aliwaleta watu wa Mirihi waivamie Uingereza, akawakumbusha wasomaji wake yaliyowapata wenyeji wa Tasmania mikononi mwa Wazungu. Wavamizi wake wanauawa na vijidudu ambavyo miili yao haikuvizoea. Ray Bradbury, mwaka 1950, aliigeuza safari: wanaokwenda Mirihi ni Wamarekani, na ugonjwa wao wa tetekuwanga unawamaliza wenyeji. Waandishi hawa wawili waliufahamu ukoloni vizuri. Lakini msafiri wao ni mtu anayetoka kwao kwa hiari na kwa nguvu zake.

Katika Kiswahili tunayo riwaya iliyoanza kwingine. Ni Walenisi ya mwaka 1995, ya Katama Mkangi, mwanasosiolojia wa pwani ya Kenya aliyewekwa kizuizini bila kesi mwaka 1986 na kufariki mwaka 2004. Mhusika wake mkuu, Dzombo, amehukumiwa kifo. Anatiwa ndani ya chombo cha angani ili aangamie, lakini anafika katika ulimwengu mwingine wenye jamii isiyojua unyonyaji, ambao jina lake, likitenganishwa, husomeka “wale ni sisi”. Wahakiki wameisoma kama istiari ya siasa, na wana haki. Mimi naomba tuisome pia kama hadithi ya chombo. Mtu amefungiwa mahali ambapo kila pumzi yake iko chini ya mamlaka ya waliomfungia. Hiyo ndiyo hali halisi ya mkazi wa Mirihi, na sijui riwaya ya Magharibi ya zama hizo iliyoianzia safari yake hapo kwa uwazi kama huo.

Maana huko hewa itakuwa mali iliyotengenezwa, na mali ina mwenyewe. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unakataza taifa lolote kudai mamlaka juu ya sayari. Hata hivyo, sheria ya Marekani ya mwaka 2015 inamruhusu raia kumiliki rasilimali atakazozichimba angani, na Luxemburg ilifuata kwa sheria yake mwaka 2017. Sisi wa Afrika Mashariki tunaujua mpangilio huo. Kampuni ya Imperial British East Africa ilipewa hati yake mwaka 1888. Himaya ya serikali ilitangazwa miaka saba baadaye. Wala anga si jambo geni kwetu: setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya. Jina lilikuwa letu. Roketi, setilaiti na jukwaa havikuwa vyetu.

Kwa hiyo, katika rasimu ya istilahi za anga ninayoiandaa pamoja na wanafunzi wangu, tumetenga maneno. Kulowea tumekuwekea watu watakaozalisha hewa yao na kuisimamia wenyewe. Koloni ni makazi ambayo hewa yake inaweza kufungwa na aliye nje. Mwanafunzi mmoja ameuliza tuwaiteje watu wanne watakaokaa huko kwa mwaka mmoja na nusu kisha warudi, kwani mipango mingi iliyopo ni ya namna hiyo. Makazi yao tumeyaandika kambi.