Fedha za Shule Hulindwa Kabla ya Kununua

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi na mfanya kazi wa stoo ya reli)



Mimi si mwalimu wala si mwana sheria. Masomo yangu yaliishia shule ya msingi ya misheni, na kazi yangu ni kupokea na kutoa vifaa katika stoo ya reli. Leo sitasema habari ya mishahara. Nataka kusema habari ya madawati ya watoto wetu, na mwisho nitaleta ombi moja mbele ya mkutano huu.

Miaka miwili iliyopita wazazi wa shule anayosoma binti yangu walinichagua niwe mjumbe wao katika Bodi ya shule. Nilifurahi sana. Mkutano wa kwanza nilikwenda. Mkutano wa pili nilikuwa shifti ya usiku, nikalala mchana wote. Mkutano wa tatu nilikuwa nimetumwa safari. Baadaye nililetewa kitabu cha kumbukumbu za mikutano nyumbani nitie sahihi. Nilikuwa nakimbilia kazini. Nikatia sahihi nimesimama mlangoni, bila kusoma.

Baada ya hapo yakaja madawati 40 mapya. Mwezi haukwisha, mbao zikaanza kujipinda, maana zilikuwa mbichi. Misumari ikatokeza. Binti yangu akarudi nyumbani sketi imechanika. Nikaenda shuleni kuomba kuona karatasi. Nikakuta karatasi tatu za bei, ati za mafundi watatu mbalimbali, lakini mwandiko ni mmoja, na neno lililokosewa katika ya kwanza limekosewa vile vile katika ya pili na ya tatu. Kila dawati lilinunuliwa shilingi 5,500. Fundi wa barabarani karibu na shule aliniambia angeuza moja shilingi 3,800 kwa mbao zilizokauka. Tofauti ni shilingi 1,700 kwa kila dawati, yaani shilingi 68,000 kwa yote. Nikafungua kumbukumbu za mkutano nione ni nani aliyekubali ununuzi ule. Nikaona jina langu na sahihi yangu.

Ndugu zangu, sikuja hapa kumwita mtu mwizi. Nimekuja kusema kwamba mlango niliwekwa mimi kuulinda, na mimi sikuwapo.

Sasa yafaa tujue jinsi kazi hii inavyopasa kwenda. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeweka Bodi ya Usimamizi katika kila shule ya umma. Ndani yake wamo watu 6 waliochaguliwa kuwakilisha wazazi, pamoja na wajumbe wa wadhamini, wa waalimu na wengineo. Mwalimu mkuu ndiye katibu. Basi Bodi si mali ya mwalimu mkuu, wala si mali ya mwenyekiti. Kazi yake moja ni kusimamia mali ya shule na kutoa hesabu ya fedha zote zinazoingia.

Tena Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 227, yasema kwamba ununuzi wowote wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa wazi, wa ushindani, na usiopoteza fedha. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 ikaeleza njia yenyewe. Mimi naiona kama safari yenye stesheni nne.

Ya kwanza ni mpango. Kabla ya mwaka wa fedha kuanza, shule iandike itakayonunua mwaka mzima: madawati mangapi, mahindi magunia mangapi, rangi, chaki, na fedha zitatoka wapi. Hapa ndipo fedha huokolewa au hupotea. Kitu kisichokuwamo katika mpango hununuliwa kwa haraka, na anayenunua kwa haraka hana nafasi ya kuuliza bei. Tena sheria inakataza kuigawa kazi moja vipande vipande ili kuukwepa utaratibu. Mjumbe asiyeuona mpango hawezi kujua kama kazi imegawanywa.

Ya pili ni bei. Shule ikinunua kwa njia ya kuomba bei, lazima iwaombe watu wasiopungua watatu. Watatu ni watu watatu kweli, si karatasi tatu. Vitu vya kawaida visinunuliwe kupita bei ya soko. Na mjumbe ambaye yeye au jamaa yake anataka tenda, aseme wazi, kisha ajitoe katika shauri hilo.

Ya tatu ni mapokezi. Hapa nasema kama mtu wa stoo. Sheria inaruhusu kuwekwa kamati ya kukagua na kupokea, yenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili. Kwetu kazini mzigo hauingii stoo mpaka umehesabiwa na kulinganishwa na karatasi ya kuagizia. Kikipungua kitu au kikiwa kibovu, tunaandika hapo hapo, na dereva hutia sahihi. Madawati yetu 40 yalishushwa jioni, akayapokea mlinzi wa lango. Mlinzi angejuaje habari ya mbao mbichi?

Ya nne ni hesabu. Wazazi wasomewe fedha zilizoingia na zilizotoka. Serikali ilipoanzisha elimu ya msingi bila malipo mwaka 2003, ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka: 650 za vitabu na vifaa vya kusomea, na 370 za matumizi mengine. Makadirio yale yalijulikana, na mzazi yeyote aliweza kuzidisha kwa idadi ya watoto. Hata leo mzazi na aulize: mwaka huu tumepokea kiasi gani kwa kila mtoto, na tumekitumiaje?

Haifai kumwonea mwalimu mkuu. Mara nyingi fedha za serikali huchelewa, naye watoto wanataka kula. Hukopa dukani, na mwenye duka huongeza bei kwa sababu hajui atalipwa lini. Taabu hiyo ni ya kweli. Lakini shule yenye mpango hujua mapema kipi kinaweza kungoja na kipi hakiwezi, na Bodi nzima hubeba mzigo pamoja naye.

Katika shule yetu, baada ya madawati kuharibika, kila mzazi alitakiwa alete shilingi 300 za kuyatengeneza. Sikilizeni vizuri. Sheria ya mwaka 2013, kifungu cha 29, yasema shule ya umma isitoze ada ya masomo. Malipo mengine yahitaji idhini ya Waziri baada ya kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, na mtoto asifukuzwe kwa kuwa mzazi wake hakulipa. Tena kila fedha inayopokewa lazima iandikiwe risiti. Kwetu idhini haikuonyeshwa, wala risiti haikutolewa.

Wengine husema, "Nikiuliza, mtoto wangu atateswa." Woga huo naufahamu, maana ulinishika mimi pia. Dawa yake ni kutouliza peke yako. Wajumbe 6 wa wazazi wakutane siku moja kabla ya mkutano wa Bodi, wasome karatasi pamoja, na swali liandikwe katika kumbukumbu kuwa ni la wazazi wote. Chama chetu kimetufundisha hivyo hivyo mbele ya waajiri.

Sasa ombi langu. Katika tawi hili wamo wenzetu kadha waliochaguliwa katika Bodi za shule. Wengi wanakosa mikutano kwa ajili ya shifti, kama nilivyokosa mimi. Naomba tawi liandike majina yao na tarehe za mikutano yao, na sisi wenzao tukubali kubadilishana nao zamu siku hizo, kwa ruhusa ya wasimamizi wa kazi. Mimi nitakuwa wa kwanza kumshikia mwenzangu zamu ya usiku.

Mkutano wa Bodi yetu ni Jumamosi ijayo. Katika mashauri yake yamo madawati mengine 40. Safari hii nimeomba kuuona mpango kabla ya kikao, na nimeomba niwe katika kamati ya kupokea. Ila Jumamosi hiyo nimepangiwa kazi. Bwana Mwenyekiti, naleta ombi hili mbele ya wanachama, nami nangoja mwenye kuliunga mkono.